Jinsi ya Kusanifu Vijazio vya Mnara ili Gesi na Kimiminika Vikutane Ipasavyo

Mnara wa vijazio hutumika pale ambapo kitu fulani kinatakiwa kihame kutoka kwenye gesi kwenda kwenye kimiminika, au kinyume chake: kufyonza amonia au dioksidi ya salfa kutoka kwenye hewa chafu, kuondoa oksijeni iliyoyeyuka katika maji, kukausha gesi, au kutenganisha vimiminika kwa ukenekaji. Kimiminika huingia juu na kushuka kwa uzito wake, gesi huingia chini na kupanda, na vipande vilivyojazwa katikati huvilazimisha viwili hivyo kupishana kwa karibu. Vipande hivyo kwa kawaida havifyonzi chochote. Kazi yake ni kukitandaza kimiminika kiwe utando mwembamba wenye uso mpana, huku vikiiachia gesi nafasi ya kupita, na mahitaji hayo mawili huvutana tangu hesabu ya kwanza hadi siku ya kuwasha mtambo.

Msanifu mgeni hupenda kuanza na katalogi, akatafuta kijazio chenye eneo kubwa la uso kwa kila mita ya ujazo, akaamini kwamba sehemu ngumu imekwisha. Ninasisitiza tangu mwanzo kwamba uso unaofanya kazi ni ule uliolowa. Uso ulioandikwa katika katalogi ni kikomo ambacho mnara halisi mara nyingi haukifikii, na kila sehemu ya tabaka, yaani rundo la vijazio ndani ya mnara, inayobaki kavu ni gharama iliyolipwa bila faida yoyote. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila hatua itapimwa kwa swali lilelile: je, kimiminika kitafika kila mahali, na je, gesi itapita bila kukizuia kushuka?

Ili hesabu zisibaki hewani, tutafuata mfano mmoja hadi mwisho. Hewa yenye amonia asilimia 1 kwa moli, inayopita kilo 2 kwa sekunde katika shinikizo la kawaida na nyuzijoto 25 za Selsiasi, inatakiwa isafishwe kwa maji safi ili asilimia 98 ya amonia iondolewe.

Hatua ya 1: Kusanya takwimu za gesi, kimiminika na msawazo

Andika kiasi cha gesi katika hali tatu: kiwango cha kawaida, kiwango cha juu kabisa na kiwango cha chini kabisa. Hali ya tatu husahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoamua kama kisambazaji cha kimiminika kitafanya kazi mtambo ukipunguza kasi. Andika pia densiti ya gesi na ya kimiminika, mnato wa kimiminika, mvutano wake wa uso, na kama kina tabia ya kutoa povu au kubeba chembe. Katika mfano wetu densiti ya gesi ni takriban kilo 1.17 kwa mita ya ujazo, na ya maji ni kilo 997.

Takwimu ya msawazo, yaani jinsi amonia inavyogawanyika kati ya gesi na maji inapoacha kuhama, ndiyo msingi wa yote. Kwa amonia iliyo kidogo ndani ya maji ya nyuzi 25, sehemu ya moli katika gesi ni takriban 0.95 ya sehemu ya moli katika maji. Uwiano huo tuuite m. Thamani hii hupanda haraka joto linapopanda, jambo ambalo litarudi kutusumbua katika hesabu ya urefu.

Hatua ya 2: Amua kiasi cha kimiminika

Badili mitiririko iwe ya moli. Kilo 2 za hewa kwa sekunde ni takriban kilomoli 0.0692 kwa sekunde. Kiasi kidogo kabisa cha maji ambacho kingeweza kuondoa asilimia 98, hata kama mnara ungekuwa na urefu usio na kikomo, ni 0.98 × 0.95 × 0.0692, yaani kilomoli 0.0644 kwa sekunde, sawa na kilo 1.16. Hakuna mnara unaojengwa kwa kiasi hicho. Kwa kawaida huchukuliwa kati ya mara 1.2 na mara 2 ya kiasi hicho cha chini. Tukichukua kilo 2 za maji kwa sekunde tunapata takriban mara 1.7.

Kipimo kinachofaa kukumbukwa hapa ni kigezo cha ufyonzaji, A = L/(mG), ambapo L na G ni mitiririko ya kimiminika na gesi kwa moli. Kwetu ni 0.111 ikigawanywa kwa (0.95 × 0.0692), yaani takriban 1.69. Kikishuka karibu na 1, mnara hurefuka kupita kiasi. Kikizidi 2, maji mengi hutumika na kinachotoka chini ni myeyusho hafifu ambao ni mzigo kuusafisha.

Hatua ya 3: Chagua aina, mata na ukubwa wa kijazio

Minara ya kwanza ilijazwa mawe na vipande vya koki, na matokeo yake hayakutabirika. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia wa Ujerumani Friedrich Raschig alileta pete fupi ambazo urefu wake ni sawa na kipenyo chake, na hapo ndipo usanifu wa vijazio ulipopata vipimo vya kutegemewa. Baadaye ilikuja pete ya Pall, ambayo ni pete ileile iliyokatwa madirisha ubavuni na ndimi zake kukunjwa kuelekea ndani. Vijazio vya umbo la tandiko hushika nafasi ya kati, hasa vinapotengenezwa kwa kauri.

Linganisha pete mbili za milimita 50. Ile ya Raschig ya kauri ina uso wa takriban mita za mraba 95 kwa mita ya ujazo, na uwazi, yaani nafasi tupu, wa takriban asilimia 74. Ile ya Pall ya plastiki ina uso wa takriban 102, na uwazi wa takriban asilimia 92. Kwa uso zinakaribiana sana. Lakini kigezo cha kijazio, yaani namba inayoonyesha jinsi kijazio kinavyoizuia gesi, ni takriban 213 kwa mita kwa ya kwanza na 82 kwa ya pili. Kwa kuwa mraba wa kasi ya mafuriko hubadilika kinyume na kigezo hicho, pete ya Pall huruhusu kasi ya gesi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 60 kabla mnara haujafurika. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na madirisha, ambayo huiruhusu gesi ipite ndani ya pete badala ya kuizunguka, na kukifanya kimiminika kilowe sehemu ya ndani pia.

Vijazio vya kupangwa, yaani karatasi za bati au wavu zilizokunjwa mikunjo ya mshazari na kusimamishwa bega kwa bega, hutoa uso wa mita za mraba 250 kwa mita ya ujazo au zaidi kwa upotevu mdogo sana wa shinikizo. Hivyo hufaa zaidi ukenekaji wa shinikizo la chini, ambapo kila milimita ya shinikizo ina thamani. Kwa ufyonzaji wa kawaida wenye maji mengi, au pale penye uchafu unaoweza kuziba mikunjo, vijazio vya kumwagwa, yaani vipande kama pete na tandiko vinavyomiminwa bila kupangwa, hubaki chaguo langu la kwanza.

Kuhusu mata, plastiki ya polipropilini ni nyepesi na huvumilia asidi na alkali nyingi, ila hulegea kwenye joto kali na hulowa kwa shida inapokuwa mpya. Kauri hulowa vizuri na huhimili joto, lakini huvunjika, na haifai kwa asidi ya hidrofloriki wala alkali kali ya moto. Chuma kisichoshika kutu kina nguvu na kuta nyembamba, ila kloridi hukitoboa. Kwa hewa ya nyuzi 25 yenye amonia, polipropilini inatosha.

Ukubwa hufuata kipenyo cha mnara. Pete za Raschig huhitaji mnara wenye kipenyo cha angalau mara 30 ya kipande kimoja, tandiko mara 15, na pete za Pall mara 10. Ukikiuka uwiano huo, nafasi kubwa huachwa karibu na ukuta na kimiminika hukimbilia huko. Kama makadirio ya awali, tumia vipande visivyofika milimita 25 kwa mnara ulio chini ya mita 0.3, milimita 25 hadi 38 kwa mnara wa mita 0.3 hadi 0.9, na milimita 50 au zaidi kwa minara mipana kuliko hiyo. Tuanze na pete ya Pall ya plastiki ya milimita 50, kisha tuone kama kipenyo kitaikubali.

Hatua ya 4: Tafuta kipenyo, ukivuta pande tatu kwa pamoja

Kasi ya gesi inapoongezeka, kuna mahali ambapo gesi huanza kukizuia kimiminika kushuka. Hapo kimiminika hujikusanya ndani ya tabaka na upotevu wa shinikizo huanza kupanda haraka. Ukiendelea kuongeza, kimiminika hakishuki tena, nacho hujaa na kusukumwa juu. Hayo ndiyo mafuriko, na mnara hausanifiwi kuyakaribia.

Kwanza tafuta kigezo cha mtiririko:

X = (L′/G′) × √(densiti ya gesi ÷ densiti ya kimiminika)

ambapo L′ na G′ ni mitiririko kwa kilo. Kwetu, 2/2 × √(1.17/997) = 0.034.

Mchoro wa jumla wa upotevu wa shinikizo, ambao umeboreshwa na wahandisi kadhaa tangu miaka ya 1930, huonyesha thamani ya Y wakati wa mafuriko kwa kila X. Kwa hesabu ya mkono, mlinganyo wa Leva unatosha:

ln Y = −3.7121 − 1.0371 ln X − 0.1501 (ln X)² − 0.007544 (ln X)³

Ukiweka 0.034 unapata Y ya takriban 0.195. Kisha:

Y = u² × Fp × (densiti ya gesi ÷ densiti ya maji) × f ÷ 9.81

ambapo u ni kasi ya gesi kana kwamba mnara ni mtupu, Fp ni kigezo cha kijazio, na f ni sahihisho la mnato, ambalo kwa maji ya nyuzi 25 ni takriban 0.94. Kwa Fp ya 82, kasi ya mafuriko ni takriban mita 4.6 kwa sekunde.

Wengi huchukua asilimia 60 au 70 ya kasi hiyo na kuendelea mbele. Kwa asilimia 60 tungepata kipenyo cha karibu mita 0.9, na hesabu ingeonekana imekamilika. Hebu tuipime kwa upande wa pili, yaani upotevu wa shinikizo. Kwa ufyonzaji, milimita 15 hadi 50 za maji kwa kila mita ya tabaka ndizo zinazopendekezwa. Kwa kipenyo cha mita 0.9, kasi ni mita 2.7 kwa sekunde, na mlinganyo wa Robbins, wa kukadiria upotevu wa shinikizo, unatoa takriban milimita 50 kwa mita, yaani tuko ukingoni kabisa mwa kiwango. Gesi ikiongezeka kidogo, feni itaelemewa. Kwa mita 1.0, kasi hushuka hadi mita 2.18 kwa sekunde, ambayo ni asilimia 47 ya kasi ya mafuriko, na upotevu hushuka hadi takriban milimita 30 kwa mita.

Upande wa tatu ni kulowa, nao ndio unaokataza kuongeza kipenyo kwa kisingizio cha usalama. Kwa vijazio vingi vidogo kuliko milimita 75, kiwango cha chini cha kulowesha ni mita za ujazo 0.08 kwa saa kwa kila mita ya ukingo uliolowa. Ukizidisha kwa uso wa 102 unapata mita za ujazo 8.2 kwa saa kwa kila mita ya mraba ya mnara. Maji yetu ni mita za ujazo 7.2 kwa saa. Mnara wa mita 1.0 una eneo la mita za mraba 0.785, hivyo mzigo wa maji ni 9.2, juu ya kikomo. Mnara wa mita 1.1 ungeushusha hadi 7.6, chini ya kikomo, na sehemu ya pete zingebaki kavu.

Mlango wetu basi ni mwembamba: 0.9 unabana gesi, 1.1 unakausha vijazio, na 1.0 unapita. Uwiano wa kipenyo kwa kipande ni 20, unaotosha kwa pete za Pall. Kama kiwango cha chini cha uzalishaji kitapunguza gesi kwa nusu, usipunguze maji kwa nusu. Yaache yaendelee kama yalivyo, kwa sababu vijazio havijui kwamba gesi imepungua na bado vinahitaji kulowa.

Hatua ya 5: Kokotoa urefu wa tabaka

Urefu ni zao la idadi ya vizio vya uhamishaji, N, na urefu wa kizio kimoja. Idadi hutokana na ugumu wa kazi yenyewe, na urefu wa kizio hutokana na ubora wa kijazio na wa usambazaji. Kwa myeyusho hafifu, wenye kimiminika safi juu:

N = ln[(1 − 1/A) × (y1/y2) + 1/A] ÷ (1 − 1/A)

Hapa y1 na y2 ni sehemu za moli za amonia katika gesi inayoingia na inayotoka, hivyo kuondoa asilimia 98 maana yake y1/y2 ni 50. Kwa A ya 1.69, N ni takriban 7.5. Urefu wa kizio kwa vijazio vya kumwagwa vya milimita 50 kwa kawaida huwa kati ya mita 0.6 na 1.0, kwa milimita 38 ni 0.5 hadi 0.75, kwa milimita 25 ni 0.3 hadi 0.6. Tukichukua 0.8, tabaka ni mita 6.0.

Hapa joto linaingia. Amonia ikiyeyuka katika maji hutoa takriban megajuli 35 kwa kilomoli. Mnara wetu unanasa karibu kilomoli 0.00068 kwa sekunde, yaani takriban kilowati 24, joto linalotosha kuyapandisha maji takriban nyuzi 3 yanapofika chini. Nyuzi 3 zinaonekana kidogo, lakini m hupanda kwa zaidi ya asilimia 10, A hushuka hadi karibu 1.5, na N hufika takriban 8.6. Urefu unakuwa mita 6.9. Hesabu hii ni ya tahadhari, kwani maji ya juu bado ni baridi, lakini ningechagua mita 7 kuliko kubishana na mnara uliokwisha kusimamishwa. Upotevu wa shinikizo katika vijazio utakuwa takriban milimita 210 za maji, karibu kilopaskali 2.1, na feni ichaguliwe kwa hicho pamoja na upotevu wa mabomba, kinasa matone na milango ya mnara.

Kimiminika kinaposhuka huelekea ukutani kidogo kidogo. Kwa pete za Raschig inashauriwa kukikusanya na kukisambaza upya kila baada ya urefu wa vipenyo 3. Kwa pete za Pall, vipenyo 8 hadi 10. Mita 7 kwa kipenyo cha mita 1 ziko ndani ya kikomo hicho, hata hivyo mzigo wetu wa maji umezidi kiwango cha chini kwa asilimia 12 tu. Kwa hiyo ningegawa matabaka mawili ya mita 3.5 kila moja na kuweka kisambazaji cha kati. Gharama yake huonekana kwenye karatasi ya bei. Faida yake huonekana kila siku mtambo unapofanya kazi.

Hatua ya 6: Sanifu kisambazaji kana kwamba ndicho mnara wenyewe

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi kuliko zote. Vijazio vizuri vilivyonyeshewa vibaya hushindwa na vijazio vya kawaida vilivyonyeshewa vizuri, na hakuna uso wa ziada unaoweza kurekebisha sehemu ya juu isiyopata maji.

Kwa vijazio vya kumwagwa, weka vituo 60 hadi 100 vya kudondoshea kwa kila mita ya mraba. Mnara wetu utahitaji takriban 60. Kila kituo kitapitisha lita 2 kwa dakika. Kwa kisambazaji cha sinia chenye matundu chini na maji yaliyosimama kimo cha milimita 100, tundu linatakiwa kuwa na kipenyo cha takriban milimita 6.6. Huo ni ukubwa mzuri: matundu madogo kuliko milimita 6 huziba haraka kwa kutu, magamba na nyuzi za gasketi, na yakilazimika kutumika ni lazima kichujio kiwekwe kwenye bomba la kulisha.

Angalia sasa jambo dogo lenye athari kubwa. Mtiririko kupitia tundu hufuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji. Sinia ikiinama kiasi kwamba upande mmoja uko chini kwa milimita 6, kwa kimo cha milimita 100 matundu ya upande huo yatatoa maji zaidi kwa asilimia 3, tofauti inayovumilika. Lakini ukipunguza maji kwa nusu, kimo hushuka hadi milimita 25, na mwinamo uleule wa milimita 6 huleta tofauti ya karibu asilimia 11. Hapo upande mmoja wa mnara hupata maji mengi na mwingine hukauka, na gesi huupenda upande mkavu kwa sababu una ukinzani mdogo. Ndiyo maana kisambazaji kisawazishwe kwa pimamaji baada ya mnara kusimama na flenji kukazwa, wala kisitegemee kwamba mnara wenyewe umenyooka.

Mpangilio wa vituo nao una mtego. Katika mnara wa kipenyo cha mita 1, mkanda wa sentimita 5 za mwisho kuelekea ukutani unabeba asilimia 19 ya eneo lote. Msanifu akiacha mkanda huo bila matundu kwa kuwa bolti na vishikizo vimechukua nafasi, karibu sehemu moja ya tano ya juu ya tabaka itategemea maji yanayojipenyeza yenyewe. Gawa eneo katika mikanda yenye ukubwa sawa, kisha hesabu vituo vya kila mkanda.

Acha pia njia ya kutosha ya gesi kupanda katikati ya sinia kupitia mabomba mafupi yaliyosimama. Yakiwa membamba, gesi itazuia maji na mafuriko yataanzia kwenye kisambazaji, huku vijazio chini vikiwa havina tatizo lolote.

Hatua ya 7: Kitako, kizuizi cha juu na njia ya gesi

Kitako kinachobeba vijazio kiwe na uwazi usiopungua ule wa mnara wenyewe. Wavu bapa haufai, kwa kuwa pete hulala juu ya matundu yake na kuyafunika. Kitako chenye matuta ya wima, ambamo gesi hupita ubavuni na maji hushuka mabondeni, hutatua tatizo hilo kwa sababu jumla ya matundu yake inaweza kufikia au kuzidi eneo la mnara.

Juu ya vijazio vya plastiki au chuma weka wavu uliofungwa ukutani. Polipropilini ina densiti ndogo kuliko maji, hivyo mnara ukifurika pete huelea, na zisipozuiwa huvuruga kisambazaji au husafiri na gesi. Kwa kauri hutumika wavu mzito unaokaa juu ya tabaka na kushuka nalo linapojikaza.

Gesi iingie juu ya kimo cha maji ya chini, mbali na tabaka kiasi cha kutosha kutulia. Upotevu mdogo sana wa shinikizo katika tabaka, chini ya takriban milimita 8 kwa mita, huwa na hatari yake: hakuna ukinzani wa kuilazimisha gesi ienee, hivyo mdomo wa kuingilia ulio mbaya huacha alama hadi juu. Juu kabisa weka kinasa matone cha wavu. Kwa densiti zetu kikomo chake ni karibu mita 3.1 kwa sekunde, kwa hiyo 2.18 inakubalika.

Hatua ya 8: Kujaza

Pete za plastiki na chuma humwagwa kavu, zikienezwa sawasawa kutoka kimo kidogo. Usimwage mahali pamoja ukasawazisha kilima baadaye kwa reki, kwa sababu vipande vilivyoteremka ubavuni hujipanga kwa mwelekeo mmoja na kuelekeza maji ukutani. Kauri hujazwa mnara ukiwa na maji ili zishuke polepole bila kuvunjika. Anayeingia ndani aingie kwa kibali, baada ya hewa kupimwa na mabomba yote kutengwa, akiwa na mwenzake nje anayemwangalia muda wote. Asimame juu ya ubao, kamwe asisimame moja kwa moja juu ya vijazio.

Hatua ya 9: Pima kabla ya kuwasha

Kabla ya kufunga tundu la kuingilia mtu, pitisha maji ya kawaida kwenye kisambazaji, kisha kinga maji ya vituo kadhaa katika kila mkanda kwa muda uleule na uyapime. Rudia kwa kiwango cha chini kabisa cha maji. Kituo kinachotofautiana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 5 katika mtiririko wa kawaida kitafutiwe sababu hapohapo: magamba ya uchomeleaji, kipande cha gasketi, au sinia iliyoinama.

Kisha washa feni bila maji na uandike upotevu wa shinikizo wa kila tabaka kwa kasi kadhaa za gesi. Fungua maji, urudie. Kwa tabaka kavu, shinikizo hupanda karibu na mraba wa kasi. Kwa tabaka lenye maji, pale mstari unapoanza kupinda kwenda juu kuliko mraba huo ndipo kimiminika kinapoanza kujikusanya. Kiwango cha kazi kibaki chini ya hapo. Vipimo hivi vihifadhiwe pamoja na michoro ya mnara, kwa sababu vitatumika kusoma kila badiliko la baadaye. Shinikizo likipanda polepole kwa wiki nyingi wakati gesi na maji havijabadilika, kuna uchafu au kitako kinaziba. Likipanda ghafla na kuyumba, mnara unafurika au unatoa povu. Na amonia ikiongezeka juu huku shinikizo likiwa palepale au limeshuka kidogo, acha vijazio kwanza na ukague kisambazaji, ukianzia na kichujio cha maji na matundu ya mkanda wa nje.